Delhi hadi Tokyo kwa ndege: umbali mmoja, mbona kwenda saa 7 na kitu na kurudi zaidi ya 9?

MdadisiWaRatiba

Wakuu, habari za humu. Naomba kueleweshwa, maana hesabu inanikataa.

Napanga safari ya Delhi hadi Tokyo, kwenda na kurudi. Nilitaka tu kujua umbali na muda wa kukaa angani, nikaishia kuchanganyikiwa. Kwa kilomita nimekuta 5,840, 5,860 na 5,910. Kwa maili nimekuta 3,640, halafu kwingine 3,164. Zote zinadai ni umbali wa Delhi–Tokyo.

Muda ndio kabisa. Nikigawa 5,860 kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa napata saa 6 na dakika 54. Ratiba niliyoletewa inasema ndege inaondoka Delhi 20:00 na kufika Tokyo 07:15 kesho yake, yaani saa 11 na robo. Kurudi inaondoka Tokyo 11:30 na kufika Delhi 17:30 siku ileile, saa 6 tu. Na pembeni ya ratiba hiyohiyo wameandika 7:45 kwa kwenda na 9:30 kwa kurudi. Sasa nishike lipi?

Jamaa mmoja anasema ni dunia: inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ukiifuata Tokyo inakukimbia, ukirudi Delhi inakujia. Kwa zile saa 11 na 6 inaingia akilini, ila 7:45 na 9:30 zinakwenda kinyume kabisa na maelezo yake.

La mwisho: nikifika Tokyo nina ndege nyingine ya ndani ya Japani. Niache nafasi ya saa ngapi katikati?

---

MzeeWaRamani

Nachukua umbali, muda nawaachia wenyewe.

Namba zako tatu za kilomita ni sahihi zote, ila kila moja imepimwa kutoka mahali pake. 5,840 ni katikati ya jiji hadi katikati ya jiji. 5,860 ni kutoka uwanja wa Indira Gandhi (DEL) hadi Haneda (HND). 5,910 ni kutoka DEL hadi Narita (NRT), uwanja ulio mashariki zaidi, kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo. Hakuna ndege inayotua katikati ya jiji, kwa hiyo ile ya kwanza isahau.

Maili nazo ni za aina mbili. 3,640 ni maili za nchi kavu, kilomita 1.609 kila moja. 3,164 ni maili za baharini, mita 1,852 kamili kila moja, na hizo ndizo marubani na wapanga njia wanazotumia. Zidisha mwenyewe, zote zitakurudisha kwenye 5,860 au pungufu ya kilomita chache.

Ukitaka kuhakiki bila kutegemea tovuti, tafuta kikokotoo chenye sini na kosini. DEL iko latitudo 28.57 kaskazini, longitudo 77.10 mashariki. HND iko latitudo 35.55 kaskazini, longitudo 139.78 mashariki.

1. Sini ya 28.57 mara sini ya 35.55: unapata 0.278.
2. Kosini ya 28.57 mara kosini ya 35.55 mara kosini ya tofauti ya longitudo (62.68): unapata 0.328.
3. Jumlisha: 0.606. Tafuta pembe ambayo kosini yake ni hiyo: nyuzi 52.7.
4. Nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.19. Zidisha: 5,860.

Watu hukosea mahali pawili. Kwanza, kikokotoo kinakuwa kimewekwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya nyuzi, na jibu linatoka la ajabu kabisa. Hilo angalau utaligundua. La pili ndilo baya kwa sababu jibu linafanana na ukweli: ramani inaandika Delhi nyuzi 28 dakika 34, mtu anaingiza 28.34. Dakika 34 ni 34 kwa 60, kwa hiyo ni 28.57. Kosa hilo peke yake limeshausogeza uwanja kilomita 25 kusini.

Dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo kikokotoo kinachozingatia umbo lake halisi kitakuongezea kilomita kumi na kitu. Kwa kazi yako hazina maana.

Jambo moja zaidi, kwa sababu atakayekueleza njia ya ndege atalihitaji. Hiyo 5,860 inapimwa juu ya duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote juu ya mpira wa dunia. Haulingani na mstari unaouchora kwa rula kwenye ramani bapa ya ukutani. Ule wa rula, unaoshika mwelekeo uleule wa dira mwanzo hadi mwisho, ni kama kilomita 5,950. Mfupi unaondoka Delhi ukielekea nyuzi 65 za dira, kaskazini-mashariki, unaingia milimani Uttarakhand, unakatiza Tibet, unapita karibu na Lanzhou, unafika latitudo 37 pale Shandong, juu zaidi ya Delhi na ya Tokyo zote mbili, halafu unashuka kupitia Korea Kusini hadi Japani. Kwenye ramani bapa unaonekana umepinda kama upinde. Ramani ndiyo iliyopinda.

---

MtunzaSaa

Kwanza tuiache dunia izunguke kwa amani. Hewa inazunguka pamoja nayo, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Kama hoja ya jamaa yako ingekuwa kweli, helikopta ingesimama hewani dakika kumi juu ya Delhi na kukuta mji umeshaondoka chini yake. Kwenye ikweta uso wa dunia unakwenda kilomita 1,670 kwa saa. Na kama ulivyoona mwenyewe, kwenda mashariki ndiko kunakowahi.

Zile saa 11 na saa 6 zimetokana na kutoa saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine. India iko saa 5 na nusu mbele ya saa ya dunia (UTC), Japani iko saa 9 mbele. Tofauti ni saa 3 na nusu.

Kwenda: 20:00 ya Delhi ni 23:30 ya Tokyo. Kutoka 23:30 hadi 07:15 ni saa 7 na dakika 45.

Kurudi: 11:30 ya Tokyo ni 08:00 ya Delhi. Kutoka 08:00 hadi 17:30 ni saa 9 na nusu.

Umeona, 7:45 na 9:30 za pembeni ndizo za kushika. Geuza saa zote ziwe za mji mmoja kabla ya kutoa chochote. Ukianza kujiuliza "sasa najumlisha au natoa?" umeshaingia kwenye shimo.

Ile nusu saa ya India ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu kichwa kinapenda saa nzima. Mtu anaweka tofauti ya 3 au ya 4, anakosea kwa dakika 30, na dakika 30 zinatosha kukosa ndege ya kuunganisha. Afadhali tu kwamba India na Japani hazisogezi saa majira ya joto, kwa hiyo tofauti ni 3:30 Januari na 3:30 Julai. Ukiona muda wa safari umebadilika kati ya ratiba ya kiangazi, inayoanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na ile ya baridi, inayoanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sababu si saa. Itafute kwenye upepo.

Na kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri: maliza hesabu yote kwa namba za tiketi kama zilivyo, ndipo utafsiri. 20:00 ni saa mbili usiku, 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Ukitafsiri katikati ya hesabu utaipoteza au utaiongeza saa sita bila kujua. Angalia pia tarehe: tiketi ya 00:40 tarehe 12 maana yake uwe uwanjani tarehe 11 usiku. Hapo wameachwa wengi.

---

MpangaNjia

Sasa mbona 7:45 wakati kikokotoo kinasema 6:54? Kuna vitu vitatu ambavyo kikokotoo hakivijui.

Njia. Ule mstari mzuri wa MzeeWaRamani unapita juu ya Tibet, na ndege za abiria za njia hii haziufuati. Uwanda wa Tibet una kimo cha wastani cha zaidi ya mita 4,500. Tatizo si kuuvuka. Ndege inapita mita 11,000 au 12,000 bila shida. Tatizo ni siku mambo yanapoharibika. Kabini ikipoteza shinikizo, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi kama mita 3,000, ambako watu wanaweza kupumua bila barakoa. Juu ya Tibet mita 3,000 iko chini ya ardhi. Barakoa za abiria kwenye ndege nyingi hutoa oksijeni kwa dakika 12 hadi 22 hivi, kutegemea mfumo, na kwa muda huo huwezi kuumaliza uwanda ule. Injini moja ikizimika hali ni hiyohiyo: ndege haiwezi kubaki kwenye kimo chake, inashuka taratibu, na vilele vinaanza kuwa karibu mno. Viwanja vya kukimbilia ni vichache, tena viko juu sana, ambako hewa ni nyembamba na ndege inahitaji barabara ndefu ya kutua. Kwa hiyo inazungukwa.

Njia ya kawaida inaishika India kaskazini kuelekea mashariki, Uttar Pradesh na Bihar, inavuka Bangladesh na Myanmar, inaingia China upande wa Yunnan, inaambaa hadi pwani karibu na Shanghai, halafu bahari na Japani. Pima Delhi–Dhaka kilomita 1,430, Dhaka–Kunming 1,270, Kunming–Shanghai 1,970, Shanghai–Haneda 1,740. Jumla ni 6,400 na kidogo. Umeongeza kilomita 550, karibu asilimia 9, kabla upepo haujavuma. Njia ya siku yenyewe itatofautiana kidogo. Anga la China lina njia chache za kiraia kwa sababu sehemu kubwa imeshikwa na jeshi, kwa hiyo hata hali ya hewa ikibadilika huwezi kukata kona unavyotaka.

Mwendo. 850 ni namba ya kukisia tu. Boeing 787, ambayo inatumika sana kwenye njia hii, husafiri kwa 0.85 ya mwendo wa sauti. Huko juu kwenye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, sauti inakwenda kama kilomita 1,062 kwa saa, kwa hiyo ndege inakwenda kama 903. Huo ni mwendo ndani ya hewa. Mwendo juu ya ardhi ni huo ukijumlisha au kutoa upepo.

Upepo. Hapa ndipo penye jibu la swali lako. Juu ya Asia kuna mkondo wa upepo wa kasi unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kaskazini-magharibi ya Pasifiki, pale Japani, ni moja ya sehemu unakovuma kwa nguvu kuliko kwingine duniani. Wakati wa baridi unaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa kwenye kiini chake. (Aliyeupima kwa mpangilio mapema ni Mjapani, Wasaburo Oishi, kwa puto za hali ya hewa karibu na Tsukuba miaka ya 1920. Aliandika ripoti yake ya 1926 kwa Kiesperanto ili dunia nzima isome. Karibu hakuna aliyeisoma.)

Desemba hadi Machi mkondo huo unapita kusini ya Himalaya, juu kabisa ya India kaskazini, yaani ndege inaupata karibu tangu mwanzo wa safari. Ikifika Juni, masika ya India yakianza, unahamia kaskazini ya Tibet na kupungua nguvu. Ndiyo maana tofauti ya kwenda na kurudi ni kubwa Januari na ndogo Julai.

Tupige hesabu. Chukua kilomita 6,400 na upepo wa wastani wa 100 njia nzima, siku ya kawaida ya baridi.

Kwenda: 6,400 kwa 1,003 ni saa 6 dakika 23.
Kurudi: 6,400 kwa 803 ni saa 7 dakika 58.

Ongeza dakika 20 kwa sababu ndege haipai wala kushuka kwa mwendo wa 903, na mara nyingi huzungushwa kabla ya kutua. Ongeza dakika 30 za kutembea chini, kutoka geti hadi njia ya kurukia na kinyume chake. Delhi na Haneda ni viwanja vikubwa na foleni zipo. Unapata 7:13 kwenda na 8:48 kurudi. Ratiba inasema 7:45 na 9:30. Zilizobaki, dakika 32 na 42, ni akiba ya shirika. Muda wa kwenye tiketi ni wa geti hadi geti na umewekewa nafasi ya kuchelewa, kwa hiyo rubani akitangaza "tutakuwa angani saa 6 na dakika 40" usidhani kuna aliyedanganya.

Kingine ambacho watu hawakitarajii: upepo wa kwenda haufidii kabisa ule wa kurudi. Kwenda na kurudi bila upepo ni saa 14 dakika 10. Kwa upepo wa 100 ni saa 14 dakika 21. Unapoteza dakika 10 hivi, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga kuliko ndani ya ule unaokusukuma.

---

MdadisiWaRatiba

Asanteni sana wakuu, sasa naona mwanga. Maswali mawili madogo. Nimesikia anga la Pakistani limefungwa kwa ndege za India, na la Urusi nalo kwa mashirika mengi. Hayo yanaongeza muda kwenye safari hii? Na nikisafiri Januari, ile 9:30 ya kurudi inaweza kuzidi?

---

MpangaNjia

Pakistani iko magharibi ya Delhi. Wewe unakwenda mashariki. Kufungwa kwa anga lake kunazitesa ndege za Delhi kwenda Ulaya, Amerika na Ghuba, lakini kwako haligusi. Athari pekee inaweza kuwa ya mzunguko: ndege iliyotakiwa kuja kukuchukua imetoka Ulaya na imechelewa. Urusi vivyo hivyo, inaihusu Tokyo–Ulaya, si Tokyo–Delhi.

Januari: upepo wa wastani ukiwa 150 badala ya 100, kurudi kunakuwa 6,400 kwa 753, saa 8 na nusu, na zile dakika 50 unafika 9:20. Bado uko ndani ya ratiba kwa dakika kumi. Kuchelewa kukitokea, mara nyingi si kwa upepo, kwa sababu upepo unajulikana tangu siku moja kabla na mafuta yamepimwa kwa ajili yake. Cha kuogopa ni ukungu wa Delhi. Mwishoni mwa Desemba hadi Januari unashuka usiku na kukaa hadi asubuhi, wakati mwingine hadi karibu na mchana. Uwanja una vifaa vya kutua hata mtu akiona mita 50 tu za barabara, lakini ni lazima ndege na rubani wote wawe wameidhinishwa, na ndege zinatenganishwa zaidi, kwa hiyo foleni inakua. Kutua 17:30 ni kabla ukungu haujakaa sawasawa. Kuondoka 20:00 pia kwa kawaida ni salama. Ndege ya saa tisa usiku ndiyo ya kuikwepa Januari.

Kwa Tokyo, miezi ya kuangalia ni Agosti hadi Oktoba mwanzoni, vimbunga. Kimbunga hakikuongezei dakika 20. Kinafuta safari nzima, lakini kinaonekana siku mbili tatu kabla.

---

KitiChaDirishani

Nyongeza ndogo kwa watakaosafiri mchana. Milima ya Himalaya iko kaskazini ya njia, kwa hiyo kutoka Delhi kaa kushoto, na kurudi kaa kulia. Kwa safari ya 20:00 hutaona kitu. Kurudi kwa ile ya 11:30 unapita Bihar na Uttar Pradesh saa mbili za mwisho, jua likiwa linashuka, na kwa Januari angalia lisije likazama kabla.

Mkanda usiufungue kabisa saa moja na nusu ya mwisho ya kwenda, Desemba hadi Machi. Kingo za ule mkondo wa upepo zina mtikisiko usioonekana kwenye rada ya mvua, kwa sababu hakuna wingu. Kwenye skrini ya kiti utaona mwendo juu ya ardhi umepita kilomita 1,100 kwa saa na utajiuliza kama mmevuka mwendo wa sauti. Hapana. Ndani ya hewa ndege bado iko 903 ileile, hewa yenyewe ndiyo inayokimbia.

---

MzigoMkononi

Nijibu la kuunganisha, naona limesahaulika.

Kabla ya yote soma herufi tatu kwenye tiketi zote mbili. Ukifika HND na ndege ya ndani inaondoka HND, maisha ni mepesi. Ukifika NRT na ya ndani inaondoka HND, una safari nyingine ya nchi kavu: basi la moja kwa moja kati ya viwanja hivyo huchukua saa moja hadi moja na nusu kutegemea foleni barabarani, na treni nayo ni humo humo. Mifumo ya kutafuta tiketi huandika "Tokyo" kwa vyote viwili, na ukinunua kwa bei tu utajikuta umepewa viwili tofauti.

Popote utakapotua, taratibu za kuingia Japani unazimaliza hapo hapo kwenye uwanja wa kwanza. Mpangilio ni huu: uhamiaji (alama za vidole na picha), kuchukua mizigo, forodha, kisha kuikabidhi mizigo upya kwa ndege ya ndani. Kwa kawaida hata begi likiwa na kibandiko cha mji wa mwisho, unalichukua kwenye mkanda na kupita nalo forodha. Watu wanaliacha likizunguka wakidhani litajipeleka. Fomu za uhamiaji na forodha jaza mapema mtandaoni kupitia Visit Japan Web ili ufike na msimbo tayari kwenye simu, halafu piga picha ya skrini, usitegemee intaneti ya uwanjani ukiwa kwenye foleni.

Haneda, ndege za kimataifa zinatumia zaidi jengo la 3, baadhi jengo la 2. Za ndani ziko majengo ya 1 na 2. Basi la bure linazunguka kati yao. Hesabu hivi kwa kufika 07:15: dakika 20 kushuka na kutembea, 30 hadi 60 uhamiaji kwa sababu asubuhi ndege nyingi zinatua pamoja, 20 mizigo, 10 forodha, 20 kuhamia jengo jingine. Hapo ni kati ya 08:55 na 09:25, na dawati la mizigo la ndani linafunga kabla ya ndege kuondoka. Kwa hiyo:

- Tiketi moja, HND kwa HND: saa 2 na nusu zinatosha, 3 unatembea kwa raha.
- Tiketi mbili tofauti, HND kwa HND: usishuke chini ya saa 4. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai kitu wala halikujui; umekosa, unanunua upya.
- NRT kwa HND au kinyume chake: saa 5, hata kama tiketi ni moja.

Narita haipokei ndege usiku wa manane hadi saa kumi na mbili asubuhi, Haneda inafanya kazi saa 24. Hilo lina maana kwa ndege za mapema. Kwenda Januari upepo ukisukuma sana, ndege iliyopangiwa kutua Narita dakika chache baada ya 06:00 haiwezi kuwahi hata ikitaka: ama itachelewa kuondoka Delhi kwa makusudi, au itapunguza mwendo njiani. Yako ya 07:15 haina shida hiyo. Inaweza kufika 06:45 na ukapata nusu saa ya bure kwenye foleni ya uhamiaji.

---

MdadisiWaRatiba

Nimeangalia tiketi. Ya kwanza HND, ya ndani HND, 09:40. Tiketi mbili tofauti.

---

MzigoMkononi

Saa 2 na dakika 25. Isogeze iwe 11:30 au baadaye leo kabla bei haijapanda.